Kikokotoo cha dola 10
Mwezi Mei mwaka 2021 kampuni ya Sabec ilianza kuuza programu ya kikokotoo kwa watumiaji wa Nintendo Switch, mashine ya michezo ya video, kwa dola 9.99 za Marekani. Kwa mkaazi wa Maskati hizo ni takriban riali 3 na baisa 840, kwani thamani ya riali ya Oman kwa dola haijabadilika tangu 1986. Programu hiyo hupiga hesabu, basi. Simu ya mkononi huifanya kazi hiyo bure. Mwaka 2009 Nintendo yenyewe iliuza kikokotoo chenye sura ya Mario kwa pointi 200, yaani dola 2. Mzazi aliyeiacha kadi yake ya benki katika mashine ya mwanawe afahamu kuwa fedha za ununuzi huu kwa kawaida hazirejeshwi.