Kitabu cha Buriani na Herufi za Palmaresi

Katika skuli za Marekani, mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, hupigwa chapa kitabu chenye picha za wanafunzi na walimu wao, na wenye kuagana wakaandikiana humo maneno mafupi na herufi chache zenye siri. Nacho kwa Kiswahili huitwa kitabu cha mwaka, jina lisilo na kosa ila lina upungufu, kwani hata majedwali ya takwimu za serikali hutolewa kwa jina hilohilo. Mimi ningehitari kitabu cha buriani, kwa kuwa buriani ni kuagana pamoja na kutakana radhi.

Mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hata hivyo, akitajiwa maandishi yafungayo mwaka, fikra zake huelekea kwenye palmaresi, yaani orodha ya matokeo isomwayo hadharani na kubandikwa ukutani, neno ambalo Wafaransa wamelitoa katika Kilatini, palma, mtende, maana mshindi wa kale alikuwa akitunzwa kuti lake. Humo ndimo vifupisho vilimojaa (nasema vifupisho, si mikato, kwa sababu mkato ni alama ya uandishi). Katika vyuo vikuu vya huko, kabla ya utaratibu wa shahada uitwao LMD (licence, master, doctorat), S ilikuwa ya aliyeridhisha, kuanzia asilimia 50. D ya aliyepambanuka, kuanzia 70. GD ya aliyepambanuka sana, kuanzia 80. Ama PGD, ya 90, wengi waliisikia tu.

Herufi yenye mengi ni A. Mgeni wa Nairobi, aliyezoea kuiona A kileleni mwa darasa, angestaajabu kumkuta kijana wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, ameinamisha kichwa kwa kuipata, asijue kwamba hiyo ni ajourné, mtu aliyesogezwa hadi siku nyingine, yaani kikao cha pili cha mitihani. Kiswahili kinalo neno lake tayari, aliyeahirishwa, lenye insafu kuliko aliyefeli, ambalo ni hukumu iliyokatwa. Na AA ni yule aliyekosa baadhi ya mitihani akahesabiwa pamoja na walioahirishwa.

Maana ifasiriwe, lakini herufi ziachwe, kwani kuzibadili ni kumtungia msomaji fumbo jipya. Kwa mfano, Wajesuiti, walioanzisha Bukavu mwaka 1938 skuli inayoitwa leo Alfajiri, wana A.M.D.G. yao ya Kilatini, yaani kwa utukufu mkubwa zaidi wa Mungu, ambayo wanafunzi wao duniani wamezoea kuiandika juu ya karatasi kabla ya jibu la kwanza, hata la hesabu. Na sijamsikia mtu aliyetaka kuigeuza iwe K.U.M.Z.M.