Nyuki wa Tabora Ugenini

Tabora yajulikana katika vitabu vya historia kwa habari za pembe za ndovu, na watumwa, na wapagazi, na vita vya Mirambo. Kila mwanafunzi aweza kusema kwamba Burton na Speke walifika Unyanyembe mwaka 1857, na kwamba Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akiwangoja wapagazi wake. Lakini yuko msafiri mmoja wa Tabora ambaye wanahistoria hawamtaji ila kwa nadra, naye alikwenda mbali kuliko wapagazi wote wa Unyamwezi. Msafiri huyo ni malkia wa nyuki aliyepelekwa Brazil mwaka 1956.

Aliyemtaka ni Warwick Estevam Kerr, mtaalamu wa urithi wa viumbe. Nyuki waliofugwa Brazil wakati huo walikuwa wa asili ya Ulaya, wapole lakini wavivu katika joto, na Kerr alitumaini kupata mbegu ya nyuki wachapakazi kwa kuwachanganya na wa Afrika. Malkia karibu wote aliofanikiwa kuwafikisha hai walitoka Pretoria. Wa Tabora alikuwa mmoja tu. Basi tusiipe Tabora sifa wala lawama isiyo yake. Hata hivyo, nyuki wa Pretoria na wa Tabora ni wa kabila moja, ambalo wataalamu huliita scutellata, na habari ya mmoja ni habari ya mwenziwe. Mwaka 1957, karibu na mji wa Rio Claro, mtu aliondoa vichungio vilivyowazuia malkia kutoka mizingani, na makundi 26 yakaenda zake porini. Kutoka hapo wakachanganyika na nyuki wa nchi, wakaenea upande wa kaskazini kwa mwendo wa kilometa mia kadhaa kila mwaka, hata mwaka 1990 wakaingia Texas. Magazeti ya Marekani yakawapa jina la nyuki wauaji, na mwaka 1978 Hollywood ikatoa filamu, The Swarm, ambamo nyuki wa Afrika wanaivamia nchi kama jeshi.

Katika masimulizi hayo ukali umefanywa kuwa tabia ya asili ya nyuki wa Afrika, kana kwamba bara zima lilimtia sumu. Msomaji wa vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 hatashangaa, maana ameyasoma maneno ya namna hiyo juu ya watu. Mimi naona kwamba ukali huo una historia, na historia hiyo yaweza kufuatwa katika njia ile ile ya misafara.

Msafara uliotoka Bagamoyo ulianza safari katika nchi ya nyuki wa pwani, ukapanda bara, ukapita Ugogo, ukaingia nchi ya scutellata. Kama wapagazi wangalipinda kaskazini wakaupanda Kilimanjaro au Meru, wangalikuta nyuki mwingine tena, mweusi na mpole. Huyu wa milimani na yule wa pwani walielezwa na F. G. Smith, aliyekuwa bwana nyuki wa serikali katika Tanganyika, mwaka 1961, akawapa majina ya monticola na litorea. Mwaka 2017 wachunguzi waliolinganisha nyuki wa milima ya Kenya na wa nchi za chini waliona kwamba urithi wao wakaribia kuwa mmoja, isipokuwa sehemu mbili zilizotofautiana sana. Kwa hiyo, hata kabla ya kuvuka bahari, nyuki wa Afrika Mashariki alikuwa amekwisha kuwa na tabia mbalimbali kulingana na mahali anapokaa.

Na mahali pa nyuki wa Tabora ni miombo. Msitu huu huchanua kwa wingi, kisha hukauka miezi mingi, na moto hupita chini yake karibu kila mwaka. Nyegere huvunja viota, siafu huvamia usiku, na binadamu amerina asali humo tangu kale. Kundi lililosita kujilinda halikuacha kizazi. Ndiyo sababu nyuki mmoja akichoma, hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na wenzake kwa mamia huifuata harufu ile na kumwandama adui mbali sana na kiota. Chakula au maji yakiisha, kundi zima huacha masega na kuhama. Nyuki wa Ulaya, ambaye adui wake mkubwa ni baridi, hulimbikiza asali na kukaa. Wa Unyamwezi hupigana au husafiri, na katika hili amefanana na wenyeji wake.

Wanyamwezi walimjua vizuri. Mzinga wao, wa gogo au wa gome la mti, hutundikwa juu mtini asikoweza kufika nyegere, tena mbali na nyumba. (Neno hilo hilo mzinga ndilo tulilolipa bunduki kubwa ya vita, kwa kuwa navyo vyote viwili ni mviringo wenye uwazi ndani, mrina asali aliyekwea bila moshi hatauona ufanano huo kuwa wa umbo peke yake.) Huvuna usiku, kwa mwenge, wakati joto limepungua na nyuki hawaruki. Moshi huifunika ile harufu ya hatari, na huwafanya nyuki wajishibishe asali kabla ya kupigana.

Wafugaji wa Brazil hawakuwa na elimu hii, na miaka ya kwanza ilikuwa ya msiba: mifugo ilikufa, watu walikufa, wengi wakaacha kazi. Waliobaki walijifunza kuipeleka mizinga mbali na makazi na kutumia moshi mwingi zaidi. Katika Piauí, jimbo kavu la kaskazini-mashariki ambako miti hupukutisha majani wakati wa kiangazi kama miombo, nyuki hawa wameleta biashara kubwa ya asali. Huko nyuki alibadilika kidogo tu. Aliyebadilika sana ni mfugaji.

Kisiwani Puerto Rico mambo yalikuwa kinyume. Uzao huo ulionekana huko mara ya kwanza mwaka 1994. Mwaka 2012 Rivera-Marchand, Oskay na Giray walitangaza kwamba nyuki wa kisiwa hicho, ingawa kwa umbo na urithi ni wa asili ya Afrika, huchoma kwa uchache kama nyuki wa Ulaya; na uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha alama za mageuzi hayo katika urithi wao. Miaka isiyofika ishirini ilitosha. Kisiwa kile hakina nyegere; kina watu wengi waliosongamana, na kundi kali lililo karibu na nyumba huteketezwa upesi, hali lile la upole huachwa lizae. Na kwa kuwa bahari imekizunguka, nyuki wakali wa bara hawaji kwa wingi kuirudisha tabia ya kale. Lakini uwezo wa kuwapinga utitiri wa varoa, ambao umewaangamiza nyuki wa Ulaya mahali pengi, haukupotea pamoja na ukali.

Leo mfugaji wa Puerto Rico huweka mizinga ya nyuki hao uani kwake. Huku Tabora nyegere yungali hai, na mizinga bado hutundikwa juu.