Jongoo wa Bamburi: jinsi timbo la saruji lilivyofanywa msitu

Kabla ya kuwapo kiwanda chochote cha saruji, watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa mabingwa wa kuchimba matumbawe. Misikiti ya Kilwa, majumba ya Gedi, kuta za Lamu, zote zilitoka katika mwamba mmoja ulioachwa na bahari zaidi ya karne elfu moja zilizopita. Mawe yalikatwa kwa mkono, na mengine yakachomwa kuwa chokaa. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, handaki la ngome yao walilichonga ndani ya mwamba huohuo. Machimbo ya enzi hizo yalikuwa madogo, na wachimbaji walipoondoka, vichaka viliyafunika.

Saruji ilikuja na mashimo ya kimo kingine. Kampuni ya Bamburi iliasisiwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na mwaka 1954 kiwanda chake kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa kilianza kazi, kikiwa na uwezo wa kutoa tani 140,000 kwa mwaka. Mawe ya matumbawe yalilipuliwa kwa baruti, yakasagwa, yakachomwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,450. Nchi ilikuwa ikijenga bandari, shule, madaraja na maghorofa. Kila mfuko uliotoka Bamburi uliacha nyuma kipande cha ardhi iliyovuliwa ngozi.

Mwaka 1959 kiwanda kilimwajiri Mswisi mmoja aitwaye René Haller. Alikuwa amesomea bustani na usanifu wa mandhari, kisha kilimo cha nchi za joto, na tangu 1956 alikuwa Tanganyika akisimamia shamba la kahawa. Kazi yake Bamburi ilikuwa ya bwana shamba wa kawaida: kutunza bustani za kiwanda na kulima chakula cha wafanyakazi. Asili hiyo ina uzito katika kisa chote. Aliyekuja kuponya timbo alikuwa mtu wa mboga na miche, aliyezoea kuuliza mmea huu unataka nini na utampa nini jirani yake.

Mwaka 1971 alianza kulishughulikia timbo lenyewe. Mahali hapo hapakuwa na udongo, wala mchanga. Palikuwa na sakafu ya mwamba mweupe, tambarare, inayorudisha jua usoni, yenye joto la kuweza kuunguza mche kabla haujashika mizizi. Chini kidogo tu ya sakafu kulikuwa na maji, lakini ya chumvichumvi, kwa kuwa bahari iko karibu. Miaka mingi ya uchimbaji ilikuwa imepita na ardhi haikuwa imejaribu kujirudisha. Mtu aliyetafuta sana aliona vichaka vichache na nyasi zilizojificha kwenye vivuli vya mawe.

Palikuwa na njia nyepesi, na wengi bado wanaishika. Leo anayetaka bustani nzuri Nyali, Masaki au Mbweni huagiza malori ya udongo mwekundu, akatandaza zulia la nyasi na kusimamisha minazi iliyokwisha kukua. Wiki mbili baadaye mandhari iko tayari. Lakini udongo ule umetoka mahali: kuna kilima kilichokwanguliwa, kuna shamba la mtu lililoachwa na kovu, na bustani yenyewe itaishi kwa kadiri bomba la maji litakavyofunguliwa. Kupendezesha eneo kwa kuharibu lingine ni biashara ya hasara, hata kama hasara hiyo haionekani kutoka kwenye veranda. Kwa timbo la ukubwa wa Bamburi, njia hiyo ingehitaji vilima vizima. Haller aliamua kwamba udongo utatengenezwa hapohapo.

Alijaribu aina 26 za miti. Mashimo yalichimbwa kwenye mwamba uliopondwa, miche ikapandwa, kisha ikaachwa ijieleze yenyewe. Baada ya miezi 6 zilibaki aina tatu. Mmoja ulikuwa mnazi. Wa pili ulikuwa mti wa jamii ya Conocarpus, wenye asili ya Pembe ya Afrika na Arabuni. Wa tatu ulikuwa mvinje.

Watu wa pwani wanaujua mvinje. Husimama kwenye fukwe ukivuma kwa upepo wa kusi na wa kaskazi, hutoa boriti na fito, na kuni zake huwaka vizuri. Asili yake ni Kusini Mashariki mwa Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Unavumilia chumvi, unavumilia njaa, na siri yake iko mizizini. Humo kuna vinundu vinavyokaliwa na bakteria waitwao Frankia, ambao hunasa naitrojeni ya hewani na kuugawia mti. Kwa sababu hiyo wenye vitalu hupenda kuchanganya katika viriba vyao konzi ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa, ili mche uondoke kitaluni ukiwa na wapishi wake. Timboni miti hiyo ilirefuka kwa mita mbili hadi tatu kwa mwaka. Kivuli kilirudi. Upepo ukapata kizuizi.

Hapo wengi wangepiga picha na kutangaza ushindi.

Tatizo lilikuwa chini ya miguu. Vijiti vya kijani vinavyofanana na sindano, ambavyo ndivyo majani ya mvinje kwa macho ya wengi wetu, vilianguka, vikakauka, vikarundikana bila kuoza. Vina tanini nyingi, na juu ya mwamba mtupu hapakuwa na wadudu wala vijidudu wa kuvishughulikia. Msitu ulikuwa umelala juu ya godoro la takataka. Miti ilizidi kukua ilhali udongo hauzaliwi, na bila udongo hakuna mti mwingine ambao ungeweza kuingia.

Suluhisho lilikuja likitambaa. Haller alimwona jongoo mwekundu wa miguu, yule mkubwa anayejitokeza kila pembe ya pwani mvua zinapoanza, akitafuna majani makavu ya mvinje. Majongoo kwa mamia walikusanywa wakaletwa timboni. Waliyasaga yale majani, wakayapitisha matumboni mwao, wakayaacha kama vidonge vidogo ambavyo bakteria na kuvu wangeweza kuvimalizia. Wakazaana. Pale palipokuwa na godoro la vijiti pakaanza kutokea mboji, nyeusi, yenye unyevu, tabaka jembamba lililoongezeka mwaka hadi mwaka. Wakafuata wadudu wengine, na ndege wa kula wadudu, na mbegu zilizobebwa na ndege.

Ni vigumu kuizidishia sifa hatua hii. Katika historia za mandhari tunazozisoma, wanaotajwa ni wafalme walioagiza bustani na wasanifu waliochora njia na chemchemi. Bamburi fundi mkuu alikuwa mdudu ambaye mama wengi wa pwani humfagia nje kila asubuhi ya masika. Na aliyemwajiri alikuwa mtu mwenye subira ya kuinama akaangalia nani anakula nini.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa mtindo uleule: kutafuta pengo, kisha kutafuta kiumbe wa kulijaza. Sakafu ilipochimbwa zaidi, maji ya chini yalijitokeza na kufanya mabwawa. Samaki walitiwa humo, wakapunguza viluwiluwi vya mbu. Ufugaji wa perege ulikuwa mradi kamili, na maji yaliyochafuliwa na samaki hayakumwagwa: yalipitishwa kwenye mimea ya majini inayoelea, ikachuja uchafu, na mengine yakanywesha mpunga na migomba. Mamba walifugwa. Wanyama wa kula majani, pofu na choroa miongoni mwao, waliletwa wakakata nyasi na kuacha samadi. Kiboko alikuwa na kazi yake pia, kwani kinyesi chake hulisha bwawa. Kila kinachotupwa na mmoja kilitafutiwa mlaji wa pili.

Kampuni tanzu iliyosimamia yote hayo iliitwa Baobab Farm, na jina la shamba lilikuwa na maana yake kamili. Mivinje iliyokomaa ilipunguzwa na kuuzwa kwa boriti na kuni, samaki waliuzwa kwa hoteli na wenyeji, na mianya iliyoachwa na miti iliyokatwa ilipandwa miti ya kienyeji ambayo sasa ilikuta udongo wa kuushika. Miradi mingi ya upandaji miti Afrika Mashariki imekufa mwaka ule fedha za mfadhili zilipokatika. Huu ulipangwa tangu awali ujichangie gharama zake, na nadhani jambo hili limechangia maisha yake marefu sawa na bakteria wa mizizini.

Mwaka 1984 njia za kutembelea msitu zilifunguliwa kwa umma. Mwaka 1987 Haller aliingizwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Nairobi. Baadaye mahali hapo pakapewa jina lake, Haller Park, na vizazi vya wanafunzi wa Mombasa na Kilifi vimepita hapo kwa mabasi ya shule. Dunia nayo ilipafahamu kwa sababu nyingine kabisa: mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Bamburi na kumganda kobe mzee aliyeitwa Mzee. Picha zao zilizunguka kila bara. Ni kisa kitamu, ila kimefanya wageni wengi wapite juu ya udongo ule bila kuutazama.

Msifiaji mwaminifu anapaswa pia kusema kile ambacho Bamburi si. Si msitu uliokuwapo kabla ya baruti. Ukitaka kuona msitu wa asili wa juu ya matumbawe, nenda kwenye kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyolindwa na wazee kwa miiko, ambayo baadhi yake UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mle miti na wadudu wamezoeana kwa muda usiohesabika, na hakuna kitalu kinachoweza kuuiga uhusiano huo wote katika maisha ya mtu mmoja. Bamburi iliazima mti wa ugenini kuwa ngazi, kisha ikaanza kurudisha wenyeji: mbambakofi, mvule, mkwaju na wengine wengi. Kampuni ya uchimbaji isipewe ruhusa ya kukata kaya kwa hoja kwamba itapanda mivinje baadaye. Msitu wa timboni ni tiba, na tiba haijawahi kuwa sababu ya kumjeruhi mtu.

Mafunzo ya timbo yalivuka ukuta wa kiwanda yakaingia vijijini. Mwaka 2004 ilianzishwa taasisi yenye jina la Haller, ambayo imefanya kazi na wakulima wadogo wa maeneo yanayozunguka Mombasa, katika mashamba yaliyochoka kwa mahindi ya kila msimu na ukataji wa miti kwa makaa. Humo hakuna tanuri wala tingatinga. Kuna mabwawa madogo ya kukingia maji ya mvua, visima, mboji inayotengenezwa kwa majani na samadi, mboga karibu na nyumba, samaki bwawani, miti ya mipakani. Mkulima mwenye ekari mbili huko bara ya Mombasa ana tatizo lilelile alilokuwa nalo Haller mwaka 1971, ingawa lake halionekani jeupe: ardhi isiyokuwa tena na kitu kinachooza. Mwenye uwanja mdogo mjini, juu ya jiwe la Kisauni au Likoni, naye analo. Anaweza kuanza kwa kuacha kuchoma majani anayofagia. Moshi ule wa asubuhi unaopanda mitaani ni rutuba inayokwenda zake angani.

Siku hizi pwani ina kazi nyingine ya namna hii, kubwa zaidi. Huko Kwale, kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini ya titani mwaka 2014 na ikasimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024. Ardhi ya Kwale ni ya mchanga, si mwamba, na ikishapitishwa mitamboni inahitaji kujengwa upya ili ishike maji na mizizi. Kenya sasa ina sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inayodai tathmini kabla mradi haujaanza. Mwaka 1971 sheria hiyo haikuwapo. Lakini msitu wa Bamburi ulitokana na kitu ambacho sheria hiyo haiwezi kukiagiza kwa fomu, nacho ni mtu mwenye ujuzi aliyebaki mahali pamoja miongo kadhaa, akiwa na bajeti, kitalu na uhuru wa kushindwa na aina 23 za miti kati ya 26.

Na tangu Desemba 2024 Bamburi yenyewe ina mmiliki mpya, kundi la Amsons kutoka Tanzania, lililoinunua baada ya miaka mingi mikononi mwa Wazungu. Pamoja na matanuri, wamepokea msitu. Saruji ya Mombasa bado inatoka katika mawe ya matumbawe, na kila timbo litakalofungwa miaka ijayo litahitaji miche iliyoandaliwa mapema: mbegu za mbambakofi na mvule zikusanywe kwa idhini ya wazee wa kaya wenye kuilinda miti mama, zioteshwe, zisubirishwe mpaka mivinje itoe kivuli na majongoo wafanye sehemu yao.