Nyoka wa Kaliua: Makazi, Maumbile na Nafasi Yao Katika Mazingira

Misitu ya miombo ya Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora, pamoja na ardhi oevu ya bonde la Mto Ugalla, ni makazi ya nyoka wa aina nyingi, na si wote wenye sumu ya kumdhuru binadamu. Wanaostahili kufahamika zaidi ni kifutu, fira, koboko na chatu.

Kifutu, aitwaye pia bafe, ndiye wa kuchungwa kwanza, ingawa sumu ya koboko huua kwa haraka zaidi. Ni mfupi na mnene, mwenye kichwa kipana na mabaka yenye umbo la V mgongoni yanayomfananisha na majani makavu. Nyoka wengi huhisi mtikisiko wa hatua za mtu wakaondoka. Kifutu hubaki palepale akitegemea rangi yake. Ndiyo maana hukanyagwa, hasa usiku kwenye njia za miguu. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Hatagi mayai, bali huzaa watoto hai, mara nyingi makumi kwa mara moja.

Fira hutanua shingo anapotishwa, na baadhi yao hutema sumu machoni. Jicho lililopatwa lioshwe mara moja kwa maji mengi safi. Koboko ni wa kijivu au kahawia, weusi wake ukiwa ndani ya kinywa. Hukaa katika mapango ya miti na vichuguu, na sumu yake hupooza misuli ya kupumua. Chatu hana sumu. Huua kwa kubana.

Panya wanaofuata mahindi ghalani ndio chakula kikuu cha kifutu, naye huwafuata hadi uani. Kufyeka nyasi na kuondoa marundo ya kuni kando ya nyumba na mabani ya tumbaku humwondolea maficho.

Katika Unyamwezi na Usukuma, Wayeye wamesifika tangu zamani kwa kucheza na nyoka na kutibu walioumwa. Hata hivyo, kinachopambana na sumu iliyokwisha kuingia mwilini ni dawa maalumu ya hospitali. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Aliyeumwa avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, asichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana, na afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa.