Dara Singh: Mbabe aliyetoka kwenye udongo wa Punjab

Mahoko ni mji wa soko. Anayetoka Musanze kwenda Gisenyi hupita hapa katikati ya magunia ya viazi, na ikifika jioni vijana hujazana kwenye vibanda vya video kutazama agasobanuye, zile filamu ambazo msimuliaji huzieleza kwa Kinyarwanda. Filamu ya Kihindi ambayo shujaa mmoja anabwaga watu kumi haikosi wateja. Vijana hao hao hutazama mieleka ya kulipwa kwenye televisheni, na wengine huifuata mpaka Goma. Kisha hubishana: wanapigana kweli, au wamepangana?

Ubishi huo una umri mkubwa kuliko wao, na aliyeubeba mabegani kwa miaka zaidi ya 30 ni Dara Singh.

Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1928 katika kijiji cha Dharmuchak, Punjab, kwenye familia ya wakulima wa Kisinga, jamii ile ile ambayo Afrika Mashariki tunaiita Kalasinga, na ambayo mafundi wake walivuka bahari kujenga reli ya Uganda. Kijijini kwao mieleka ilichezwa shimoni, kwenye udongo uliolainishwa kwa mafuta, maziwa ya mgando na manjano. Chakula cha mwanamieleka kilikuwa maziwa, samli na lozi, na mazoezi yake yalikuwa kuchuchumaa na kuinuka mamia ya mara kabla jua halijapanda. Watoto wetu waliokua wakicheza gukirana, mieleka ya kwetu, malishoni wangeuelewa mchezo huo bila kuelezwa.

Shujaa wa mashimo hayo alikuwa Gama. Mwaka 1910, jijini London, Mpolandi Stanislaus Zbyszko alilala kifudifudi kwa zaidi ya saa mbili ili Gama asimgeuze chali. Waliporudiana Patiala mwaka 1928, Gama alimwangusha kabla dakika moja haijatimia. Dara alizaliwa mwaka huo huo, na Mpunjabi yeyote aliyepanda ulingoni baadaye alipimwa kwa kipimo cha Gama.

Mwaka 1947, mwaka ambao Punjab ilikatwa vipande viwili kati ya India na Pakistan, Dara alikwenda Singapore kutafuta kazi. Alifanya kibarua katika kiwanda cha mapipa. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 2, na mwili kama huo haukai kiwandani bila watu kuugundua. Mwalimu Harnam Singh alimchukua na kumfundisha mieleka ya ulingoni katika bustani ya burudani ya Great World, ambako watu walilipa kiingilio usiku kuona majitu yakigaragazana.

Huko ndiko jina lake lilikofungamana na la King Kong. Jina halisi la King Kong lilikuwa Emile Czaja, Mhungaria mwenye kilo zipatazo 200, aliyekuwa amezunguka Asia kwa miaka mingi akicheza nafasi ya dubwana la kutisha. Promota alihitaji jitu ovu na kijana mwadilifu, na hawa wawili walikuwa hivyo hata kwa kutazamwa tu. Walikutana mara nyingi, mji baada ya mji. Mpaka leo wazee wa India husimulia jinsi Dara alivyomwinua King Kong juu ya kichwa chake. Hapa nina neno kwa wabishi wa Mahoko. Hata kama mshindi wa usiku fulani alijulikana kabla ya kengele, kilo 200 haziinuki kwa makubaliano. Mgongo unaozibeba ni mgongo wa kweli, na ukiteguka umeteguka.

Mwaka 1954 alitwaa taji la Rustam-e-Hind, ubingwa wa India. Mwaka 1959, mjini Calcutta, alimshinda George Gordienko wa Kanada na kuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola. Gordienko alikuwa mpiganaji hatari, aliyezuiwa kuingia Marekani kwa sababu ya ukomunisti wa ujana wake, na uzeeni akawa mchoraji.

Pambano linalotajwa zaidi ni la tarehe 29 Mei 1968, Bombay, alipombwaga Mmarekani Lou Thesz na kutangazwa bingwa wa dunia. Haki itendeke kwa pande zote. Thesz alikuwa na miaka 52, na mkanda wake mkubwa wa Marekani alikuwa ameupoteza kwa Gene Kiniski miaka miwili kabla. Kwa hiyo taji lile lilikuwa na thamani kwa Wahindi kuliko kwa mapromota wa Marekani. Lakini Thesz, mtu asiyempa sifa mwanamieleka wa maonyesho tu, aliandika katika kitabu chake kwamba Dara alikuwa mwanamieleka halisi mwenye mwili ulioandaliwa vizuri sana. Mimi nalihesabu neno hilo kuliko mkanda wenyewe.

Sinema ilimpokea akiwa bado ulingoni. Filamu ya King Kong ilitoka mwaka 1962, ikafuatiwa na Faulad mwaka 1963 akiwa na Mumtaz, binti ambaye waigizaji wakubwa wa siku hizo hawakutaka kucheza naye, na ambaye baadaye akawa nyota. Walicheza pamoja filamu zaidi ya kumi. Ulikuwa wakati ambao filamu za Kihindi zilijaza Majestic ya Unguja na Avalon ya Dar es Salaam.

Aliaga ulingo mwaka 1983 mjini Delhi. Miaka minne baadaye mtayarishaji Ramanand Sagar alimpa nafasi ya Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye umbo la nyani, katika tamthilia ya televisheni ya Ramayan. Alikuwa na miaka 58, na Jumapili asubuhi mitaa ya India ilibaki tupu kwa sababu watu wote walikuwa mbele ya televisheni. Kuanzia 2003 hadi 2009 alikuwa mbunge wa baraza la juu. Alifariki Mumbai tarehe 12 Julai 2012, na mwaka 2018 kampuni ya WWE, ile ile ambayo vijana wa Mahoko huitazama, ikamwingiza katika orodha yake ya magwiji.