Chama hakikuletwa na benki

Juzi nimeona mtu mtandaoni akisema eti chama kililetwa Kenya na benki na mashirika ya misaada. Wueh! Hebu tukae chini kidogo.

Shosho yangu alikuwa kwa kikundi cha mabati huko Murang'a miaka ya 60. Mabati haikuwa jina la utani, ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Akina mama wanaenda kwa shamba la mtu mwenye nazo, wanapalilia, wanachuma kahawa, na ule mshahara haugawanywi. Unawekwa pamoja hadi utoshe mabati ya nyumba ya mmoja wao. Halafu wanaanza tena, kwa mwingine, mpaka kila mmoja ameezekewa.

Wazo lenyewe ni la kale. Wakikuyu waliliita ngwatio: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Lakini wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, mkoloni alihamisha zaidi ya watu milioni moja kwa nguvu hadi vijiji vyenye ulinzi. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, kwa hivyo wanawake ndio walijenga na kuchimba mahandaki. Mimi naamini walitoka huko wakijuana vizuri sana.

Na mbona mabati? Kwa sababu nyasi za kuezeka zilikatwa na mwanamke, na zikioza ni yeye tena. Paa la mabati unalikingia pipa, mvua ikinyesha hauendi mtoni. Baada ya paa, vikundi vilihamia kwa matangi ya maji, ng'ombe wa gredi, baadaye ploti na mashine za kusaga unga.

Sasa hapa ndipo mimi huudhika. Mwaka huohuo wa 1954 ulikuja Mpango wa Swynnerton, mashamba yakaanza kupimwa na kuandikishwa, na jina lililoandikwa kwa hati kwa kawaida lilikuwa la mwanamume. Benki ikiitisha dhamana, mama atatoa nini? Tunapenda kusifu umoja wa akina mama kana kwamba walikuwa na mlango mwingine wa kubisha. Na hayo mabati ya jasho lao yalipigiliwa juu ya nyumba iliyo kwa shamba la mtu mwingine kisheria.

Sikatai, mashirika yameongeza kitu. CARE ilianza vikundi vyake Niger mwaka 1991, vile vya sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, na mtindo huo umefika hadi kwetu. Lakini hata Niger walikuta akina mama tayari wanachangiana kwa zamu.

Guka alipofariki, wanawe walibishana juu ya shamba siku nzima. Shosho hakuulizwa kitu. Jioni alitoka nje, akaangalia juu, akaanza kunihesabia mabati, moja moja, akitaja ni palizi ya kwa nani ililipa lipi.