Pikipiki ya theluji isiyovuta

Leo naweka programu kando, tuzungumzie chombo ambacho wengi wetu hapa Kenya tumekiona kwenye filamu tu: pikipiki ya theluji. Mbele ina skii mbili, nyuma ina mkanda mpana wenye meno unaozunguka kama wa tingatinga, na injini iko katikati.

Aliyenitia katika shughuli hii ni binamu yangu anayeishi Calgary, Kanada. Alinunua moja iliyotumika kutoka kwa mtu wa Winnipeg, akaipeleka milimani, ikakataa kuvuta. Akibonyeza mafuta mpaka mwisho, mshale wa mizunguko ya injini unakwama kwenye 6,800 kwa dakika, ilhali kitabu chake kinadai ifike 8,000. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akamlipa fundi, wapi! Mwishowe akanipigia simu mimi, kwa sababu eti nimesomea kompyuta. (Ukiisomea, jamaa zako wote huamini unaweza kutengeneza chochote chenye waya :-)

Nikirithi programu iliyoandikwa na mtu mwingine, kwanza huuliza ilianzaje na aliyeiandika alikuwa akitatua shida gani. Nikafanya hivyo hivyo.

Joseph-Armand Bombardier alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec. Mwaka 1922, akiwa na miaka 15 tu, alifunga injini ya gari la Ford Model T juu ya sleji na kuiwekea rafadha kama ya ndege. Ilikimbia kweli. Baba yake alipoona rafadha ile ikizunguka wazi bila kifuniko, akaamuru ifumuliwe. Mimi pia ningeamuru.

Kijana akakua, akafungua gereji kwao Valcourt. Enzi zile barabara za mashambani hazikusafishwa theluji. Magari yalilala msimu mzima na watu wakarudia farasi. Majira ya baridi ya 1934 mwanawe Yvon, mwenye umri wa miaka miwili, alishikwa na kidole tumbo. Hospitali ilikuwa mbali, barabara imezibwa, na baba mwenye gereji hakuwa na chombo cha kumfikisha. Mtoto akafariki. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1937, Bombardier alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu lenye meno linalozungusha mkanda, na akauza gari aliloliita B7, la abiria 7.

Mwaka 1948 Quebec ilianza kusafisha barabara za mashambani, na soko la magari yale makubwa likashuka. Akarudi kwenye ndoto yake ya zamani, chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili. Mwaka 1959 akatoa Ski-Doo. Inasimuliwa kwamba jina lilikusudiwa kuwa Ski-Dog, yaani mbwa wa skii, kosa la uchapaji likaligeuza. Kosa la herufi moja! Sisi waandishi wa programu tunajua makosa hayo, ila yetu hayatuletei utajiri.

Sasa tufike kwenye giya. Theluji nzito inakaba. Ukikata nguvu hata kwa sekunde moja ili ubadilishe giya, umezama. Dawa ilikuwa imeshavumbuliwa kwingine. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Salsbury huko California ilitengeneza skuta isiyohitaji kubadilishwa giya, na mwaka 1958 DAF ya Uholanzi ikaweka wazo hilo kwenye gari dogo. Ni puli mbili na mkanda wa mpira. Puli ya injini ina vyuma vidogo vya uzito: injini ikizunguka kasi, vyuma vinatupwa nje na kuibana puli, mkanda unapanda, giya inakuwa ndefu. Springi inapinga. Puli ya nyuma nayo inahisi mzigo na kurudisha giya fupi pale chombo kinapopanda. Skuta nyingi tunazoziona Nairobi zinatembea hivyo hivyo.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mafuta yakiwa wazi kabisa, mwendo unapanda lakini mshale wa injini unatulia karibu pale pale. Anayechagua mizunguko ni puli. Vyuma vikiwa vizito kuliko nguvu ya injini, giya inarefuka mapema na injini inakabwa kabla ya kufika penye nguvu zake.

Kwa hiyo mshale ukikwama chini, kuna njia tatu. Huenda nguvu imepotea: silinda moja haichomi, au vali ya eksosi imekwama kwa masizi. Huenda mzigo umezidi: breki inashika, au mkanda wa chini umekazwa mno. Au vyuma si vya mahali hapo. Mkanda wa mpira ulioliwa una tabia yake, chombo kinaondoka kizito kana kwamba umeanza na giya ya pili.

Nikamuuliza, "Ndugu yangu, huko mlimani ni mita ngapi?" Akasema zaidi ya 2,000. Winnipeg iko kwenye mita 240 hivi. Injini kama yake hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, maana hewa inapungua, na kabureta isiyorekebishwa inaendelea kumimina mafuta yale yale. Akafungua puli, akasoma namba zilizochongwa kwenye vyuma, akazilinganisha na jedwali la kitabu. Vilikuwa vya nyanda za chini, tena vizito.

Alinunua vyuma vyepesi na jeti ndogo za kabureta. Mshale ukafika 7,900.

Nikamwonya jambo moja: akishuka Winnipeg na jeti zile ndogo, hewa itazidi mafuta na pistoni itayeyuka. Sasa anatembea na mikebe miwili chini ya kiti, mmoja umeandikwa MLIMA, mwingine BONDE.